Hisa za Mafuta Katika Mkoba wa Mtu Binafsi

Bwana mwenyekiti, mabibi na mabwana,

Nimeombwa nieleze namna mtu wa mshahara wa kawaida hapa Nairobi anavyoweza kujenga mkoba wa hisa unaoelemea mafuta na gesi. Ugumu wa kwanza ni kwamba jina "kampuni ya mafuta" hufunika biashara zisizofanana. Mchimbaji hunufaika moja kwa moja bei ya pipa inapopanda. Mwenye mabomba hulipwa zaidi kwa kiasi kinachopita. Na mwenye kituo cha petroli hapa kwetu huuza chini ya kikomo kinachotangazwa na EPRA, mamlaka ya serikali inayosimamia nishati na petroli, kila tarehe 14 ya mwezi, faida yake ikiwa imekwisha kupimwa ndani ya bei hiyo. Kwa hiyo aliyenunua hisa za muuzaji wa petroli Machi 2022, Brent, mafuta ghafi ambayo bei yake ndiyo kipimo cha soko la dunia, ilipopita dola 120 kwa pipa kwa sababu ya vita vya Ukraine, akidhani atavuna kama mchimbaji, alibisha mlango usio wake.

Hata uchimbaji wenyewe una siri zake. Mwaka 2012 Tullow, kampuni ya uchimbaji yenye hisa katika soko la London, iligundua mafuta Turkana katika kisima cha Ngamia 1, na Wakenya wengi tukaanza kuiona kana kwamba ni yetu. Lakini mapato yake yalitegemea zaidi visima vya Ghana, na tarehe 9 Desemba 2019, ilipotangaza kwamba uzalishaji utapungua, ikasimamisha gawio, yaani faida inayogawiwa wenye hisa, na mkuu wake akajiuzulu, hisa zake London zilianguka kwa zaidi ya asilimia 70 kwa siku moja. Turkana haikuwa na hatia yoyote.

Tuchukue mtu mwenye shilingi 200,000 aliyetenga asilimia 40, yaani 80,000, kwa mafuta. Akiziweka zote katika kampuni moja ikaanguka kwa asilimia 70, anabaki na 24,000. Akizigawa kwa kampuni nne, 20,000 kila moja, na moja tu ikaanguka vivyo hivyo, amepoteza 14,000. Mimi binafsi naiona asilimia 40 kuwa kubwa mno, maana nauli na unga wetu tayari vinafuata bei ya dizeli, robo inatosha.

Gawio nalo lisitupumbaze. Shell, ambayo haikuwa imepunguza gawio tangu Vita vya Pili vya Dunia, ililikata kwa theluthi mbili Aprili 2020.

Soko letu la Nairobi lina uchache wake: KenolKobil, muuzaji wa petroli, iliondoka mwaka 2019 baada ya Rubis ya Ufaransa kuinunua kwa shilingi 23 kwa hisa. Anayetaka wachimbaji wakubwa hulazimika kununua ng'ambo, na hapo huongeza ada za wakala na hatari ya thamani ya dola kubadilika.

Mwisho ni kupogoa. Kila Juni na Desemba hupima upya mkoba wangu, na mafuta yakivuka robo nauza ziada, ingawa siku hiyo kwa kawaida ndiyo siku ambayo kila mtu mezani anayasifu.