Rili Yako Inabeba Mshipi Mita Ngapi?

Ndugu mtazamaji, karibu. Kabla hujalipia mshipi wa kuvulia samaki dukani, geuza rili usome ubavuni mwa spuli, kile kigurudumu mshipi unapozungushiwa. Ngoja niisogeze yangu kwenye kamera: 0.35/240. Yaani inajaa kwa mita 240 za mshipi wa unene wa milimita 0.35. Kama yako iko kwa yadi, zidisha kwa 0.91 upate mita. Paundi achana nazo hapa. Hizo ni nguvu, na mishipi miwili ya paundi 30 inaweza kupishana unene vibaya sana.

Mimi nataka nailoni ya 0.40. Shika kikokotoo cha simu. 0.35 mara 0.35, mara 240, unapata 29.4. Iandike pembeni, ndiyo nafasi ya rili hii. Sasa 0.40 mara 0.40 ni 0.16. Gawa 29.4 kwa 0.16: mita 183. Wengi hawazidishi unene kwa wenyewe, wanagawa hivihivi wanapata 210, halafu wanashangaa mshipi unafurika.

Boksi halina unene? Zungusha mshipi kwenye penseli mara 20, mizunguko ibanane bila kupandana. Weka rula. Hapa nasoma milimita 8. Gawa kwa 20, ni 0.40. Mshipi wa kusuka, ule wa nyuzi nyembamba zilizosukwa pamoja, pima hata kama umeandikwa, maana mara nyingi ni mnene kuliko lebo. Usiuvute sana tu, utalala bapa.

Wa kusuka wa 0.25 ungeingia mita 470. Za nini zote hizo, kwa samaki kolekole wa mwambani? Na bei yake unaijua. Nunua 300. 0.25 mara 0.25, mara 300, ni 18.75. Toa kwenye 29.4, inabaki 10.65. Gawa kwa 0.16: anza na mita 66 za ile nailoni ya 0.40 chini. Wa kusuka ukifungwa juu ya spuli tupu huteleza, kwa hiyo nailoni ingehitajika vyovyote vile.

Wakati wa kujaza, bana mshipi kwa kitambaa kibichi uingie umekaza. Ukilegea, spuli itajaa kabla ya hesabu. Simama milimita 2 au 3 chini ya ukingo. Ukipita hapo, ukirusha unatoka mafundo. Ukipungua sana, unakwaruza ukingo na chambo hakifiki mbali.