Si Uvivu wa Ulimi

Ndugu zangu, kila yakizungumzwa mabadiliko ya lugha, huinuka mtu akasema vijana wana ulimi mvivu, wanaiharibu lugha. Hoja hiyo imenichosha. Leo naijibu kwa sauti moja tu, r ya Kiingereza.

Mwaka 1962 mwanaisimu wa Marekani, William Labov, aliingia katika maduka makubwa matatu ya New York: Saks la matajiri, Macy's la watu wa kati, na S. Klein la wenye kipato kidogo. Alitafuta kwanza bidhaa iliyopo ghorofa ya nne, kisha akamwuliza muuzaji iko wapi. Akijibiwa “fourth floor”, alijifanya hakusikia ili arudiwe jibu kwa mkazo. Halafu alisogea pembeni asionekane, akaandika. Maneno hayo mawili yana r kila moja, na yalisemwa mara mbili, hivyo kila mtu alipata nafasi nne za kuitamka r au kuiacha, bila kujua kwamba anachunguzwa. Hapo ndipo penye thamani, maana mtu akiona kinasa sauti huanza kuchunga ulimi wake.

Walihojiwa watu 264. Waliotamka r walau mara moja walikuwa asilimia 62 Saks, 51 Macy's, na kama 20 tu Klein. Nao ni wauzaji, jamani, si wateja! Kuuza Saks hakumfanyi mtu tajiri. Matamshi yale waliyaazima kwa wale waliowahudumia.

Mtasema basi wa Klein ndio wavivu. Hapana! Wapo wauzaji walioiacha r katika jibu la kwanza, wakaitamka katika la pili. Ulimi ni uleule, zimepita sekunde chache; kilichoongezeka ni uangalifu. Tena vukeni bahari hadi Uingereza: huko matamshi yenye hadhi huiacha r hiyohiyo, na anayeitamka huonekana mtu wa shamba. Hata New York kwenyewe, kabla ya Vita Kuu ya Pili, kuiacha ndiko kulikoheshimiwa. Sauti haikubadilika thamani yenyewe. Waliobadilika ni watu wa kuigwa.

Umri nitaupitia haraka. Vijana wakitamka tofauti na wazee, msikimbilie kusema lugha inabadilika. Huenda kila kizazi husema hivyo kikiwa kichanga, kisha kikaacha. Lazima kurudi palepale baada ya miaka. Utafiti wa maduka ulirudiwa 1986, na r ilikuwa imeongezeka.

Kuna pia kisiwa cha Martha's Vineyard, huko Marekani, ambako wenyeji walioazimia kubaki walishikilia matamshi ya kisiwani kuliko waliotaka kuhama. Kilistahili saa nzima, lakini muda umekwisha. Karibuni maswali.