Sukari ya Mgonjwa wa Kiharusi: Saa 72 za Kwanza na Kazi Kumi za Kila Siku

Ndugu wauguzi, matabibu na wataalamu wa fiziotherapia,

Mgonjwa akiletwa mkono umelegea na mdomo umekwenda kombo, mpimeni sukari hapo hapo kitandani. Sukari iliyoshuka sana huigiza kiharusi, na dalili zote zinaweza kuondoka dakika chache baada ya glukosi kuingia mshipani. Ikiwa chini ya milimoli 3.3 kwa lita, mpeni gramu 25, yaani mililita 250 za glukosi ya asilimia 10, kisha mpime tena baada ya dakika 15.

Lakini mada yetu ni sukari iliyopanda. Tuseme kipimo kinasoma 12.4, na ndugu wanaapa mgonjwa hana kisukari. Huenda kisukari kipo siku nyingi bila kugundulika. Huenda pia ni homoni za mshtuko, kortisoli na adrenalini, zinazolifanya ini limwage sukari. HbA1c, kipimo cha damu kinachoonyesha wastani wa sukari wa miezi michache iliyopita, ikiwa asilimia 6.5 au zaidi huelekeza kwenye kisukari cha muda mrefu, ila msiitegemee kwa mwenye selimundu au aliyeongezewa damu karibuni.

Madhara ya sukari iliyopanda yako kwenye ubongo wenyewe. Kuzunguka sehemu iliyokwisha kufa kuna seli zinazopata damu kidogo na bado zinaweza kuokolewa. Seli hizo, kwa kukosa oksijeni ya kutosha, huvunja sukari na kuacha asidi ya laktiki. Sukari ikizidi, na asidi huzidi. Kuta za mishipa midogo nazo hudhoofika, damu ikavujia ndani ya ubongo.

Je, tuishushe sukari hadi iwe kama ya mtu mzima wa afya? Jaribio la SHINE la Marekani, lililochapishwa mwaka 2019, lilijibu swali hilo kwa wagonjwa 1,151. Kundi moja lilishushwa kwa insulini ya mshipani hadi kati ya 4.4 na 7.2, jingine liliachwa mradi lisifike 10. Baada ya siku 90, waliopona vizuri walikuwa asilimia 20.5 katika kundi la kwanza na 21.6 katika la pili. Asilimia 2.6 ya kundi la kwanza sukari yao iliporomoka chini ya 2.2, kundi la pili hakuna hata mmoja. Sishangai. Kiharusi kikubwa chenyewe hupandisha sukari, kwa hiyo sehemu ya namba ile ni dalili ya ukubwa wa ugonjwa, na dalili haiponi kwa kuifuta. Lengo linalopendekezwa sasa ni kati ya 7.8 na 10. Anayekimbiza 5 kwa mgonjwa asiyeweza kusema "nasikia kutetemeka" anatafuta balaa.

Hiyo 10 ina maana nyingine ambayo madaktari huisahau na wauguzi huiona kwenye mashuka. Sukari ikipita takriban 10, figo hushindwa kuirudisha yote. Inatoka na mkojo, nayo huvuta maji. Sasa chukueni kipimo cha Barthel cha uwezo wa kujihudumia, chenye kazi kumi na alama 100: kula, kuoga, kujisafisha uso, kuvaa, choo kubwa, mkojo, kutumia choo, kuhama kitandani kwenda kitini, kutembea na kupanda ngazi. Mtu mwenye sukari ya 16 anakojoa kila mara, mguu haumbebi, na kengele iko upande asiouhisi. Analowa. Tunamwandikia sifuri kwenye mkojo na kwenye kutumia choo, alama 20 zimeondoka, na tunasema ni ubongo. Kisha tunamwekea mpira wa mkojo ili tupumue. Maambukizi yanaingia, homa inapanda, sukari inapanda tena, na mazoezi yanaahirishwa. Kabla ya kuandika alama, tazameni sukari ya siku hiyo.

Upimaji nao una mitego. Kidole chenye maji ya embe husoma juu, basi kioshwe kwa maji na kikaushwe. Msitoe damu kwenye mkono wenye dripu. Mgonjwa mwenye upungufu mkubwa wa damu, glukomita nyingi humsoma juu kuliko ukweli. Huyo apelekewe damu maabara. Pimeni kila saa sita kwa saa 72 za kwanza, na kila saa akiwa kwenye insulini ya mshipani, huku potasiamu ikifuatiliwa kwa sababu insulini huishusha. Dripu iwe ya chumvi. Ya sukari ibaki kwa yule ambaye sukari yake imeshuka.

Kosa linaloumiza zaidi liko kwenye chakula. Insulini imechomwa saa mbili asubuhi, mrija wa chakula wa puani ukachomoka saa tatu, hakuna aliyeurudisha, na saa sita mgonjwa "amelala", kumbe sukari imeporomoka. Mrija ukitoka, insulini isimamishwe na sukari ipimwe wakati huo huo. Glibenclamide, kidonge cha kushusha sukari, ni mbaya zaidi hapa, maana hufanya kazi muda mrefu hata kama tumbo ni tupu. Na ndugu waambiwe mapema: hakuna chai wala juisi kabla ya kupimwa kumeza, maana juisi hiyo huweza kuishia mapafuni.

Huko New South Wales, Australia, vitengo 19 vya kiharusi vilihusika katika utafiti uliotoka mwaka 2011. Pale ambapo wauguzi walifuata taratibu za homa, sukari na kumeza kwa pamoja, waliokufa au kubaki tegemezi baada ya siku 90 walikuwa asilimia 42, dhidi ya 58 kwingineko. Hawakuwa na dawa mpya.

Wakati wa kuruhusiwa, mwulizeni mgonjwa achome insulini mbele yenu kwa mkono uliobaki. Akishindwa kuvuta dozi, au asipoona mistari ya sirinji kwa kuwa haoni upande mmoja, chagueni ndugu wa kumchoma, naye afanye mbele yenu kabla hawajaondoka wodini.