Nani Anapanga Mshahara wa Zimamoto? Kisa cha Scranton

Habari zenu ndugu zangu, karibuni tena. Leo nipo Scranton, Pennsylvania, na hilo jengo la mawe nyuma yangu ndiyo ofisi ya meya. Mmekuwa mkiniuliza, inawezekanaje jiji la Marekani likakosa hela ya mishahara? Hapa lilishakosa, na kuna sheria yenye mkono wake.

Kwanza tuelewane. Kwetu Tanzania polisi na zimamoto wapo chini ya serikali kuu. Hawa wa Scranton ni wa jiji, wanalipwa kwa kodi za wakazi. Wana vyama vyao, lakini kugoma ni marufuku. Na ni haki, nyumba ikiwaka nani asubiri mgomo uishe? Ndiyo maana mwaka 1968 jimbo likatunga Sheria Namba 111: mkishindwana kwenye mkataba wa hali bora, shauri linakwenda kwa waamuzi watatu. Jiji linamteua mmoja, chama kinamteua mmoja, na wa tatu anatoka nje ya pande hizo mbili. Wakishaamua, basi. Nafasi ya kukata rufaa ni finyu mno.

Kinachoniuma ni hiki: sheria hiyo haiwalazimishi waamuzi kutazama kwanza jiji lina uwezo gani. Halafu gharama za shauri karibu zote zinabebwa na jiji. Chama kinamlipa mwamuzi wake tu.

Scranton uliishi kwa makaa ya mawe. Mwaka 1930 ulikuwa na watu kama 143,000. Leo ni kama 76,000. Walipa kodi wamepungua, barabara na majengo ni yaleyale. Mwaka 1992 jimbo likautangaza kuwa umekwama kifedha, ukawekewa mpango wa kubana matumizi. Waamuzi wakatoa nyongeza zilizoupita mpango huo. Jiji likapinga hadi Mahakama ya Juu ya jimbo, na Oktoba 2011 likashindwa. Malimbikizo yakawa mamilioni ya dola.

Julai 2012 akaunti ya jiji ilifika dola kama 5,000. Jamani, dola elfu tano, jiji zima! Meya Chris Doherty akawashusha wafanyakazi wote kwenye kima cha chini, dola 7.25 kwa saa. Jaji alimzuia, akalipa hivyohivyo. Mtu anayeingia kwenye moshi kumtoa mtoto wa mwenzake anapokea hundi ile! Fedha iliyokatwa walirudishiwa baadaye, lakini mwenye nyumba na duka la chakula hawakusubiri.

Mwezi huohuo bunge la jimbo lilirekebisha sheria ya miji iliyokwama kifedha, waamuzi wauheshimu mpango wa kujikwamua. Sawa, ila hiyo ni kwa miji iliyokwisha kuanguka. Jiji linaloelekea kuanguka linasaidiwa na nini?

Jimbo la Michigan walifanya vizuri zaidi mwaka 2011: uwezo wa kulipa ukawa kigezo kizito kuliko vyote, na uamuzi utoke ndani ya siku 180. Jimbo la New Jersey waliweka ukomo wa nyongeza wa asilimia 2 kwa mwaka, ukaisha muda wake mwishoni mwa 2017. Mimi naiunga mkono njia ya Michigan, kwa sababu ukomo mmoja hautofautishi jiji tajiri na masikini.

Wapo wanaotaka waamuzi waondolewe kabisa. Hapo siwaungi mkono. Umemnyima mtu mgomo, ukimnyima na mwamuzi atadai wapi? Abaki na mwamuzi wake, mradi vitabu vya hesabu za jiji vifunguliwe mezani siku ya kwanza na gharama zigawanywe nusu kwa nusu.