Kidogo si Sawa na Hakuna

Mwenyekiti ameniomba nizungumzie pande zote mbili, chanjo na homiopathia, ile tiba ya dawa zilizozimuliwa mno, kwa usawa. Nitajaribu, ila upande mmoja nitaupitia mbio. Mliowahi kunisikiliza mnajua nitaanzia wapi: ile hoja kwamba chanjo ni homiopathia kwa jina jingine. Kila ninaposimama, kuna mtu atainuka na kusema kwa upole kabisa, "Daktari, si nyinyi wenyewe mnampa mtoto kidogo cha ule ugonjwa ili asiugue? Na sisi tunafanya hivyohivyo." Ukumbi mzima unaitikia kwa vichwa, na mimi naonekana mchawi.

Hoja ina asili yake, sikatai. Mwaka 1796 Edward Jenner, daktari wa Uingereza, alimchanja mtoto James Phipps, mwenye umri wa miaka 8, kwa usaha wa ndui ya ng'ombe, ili kumkinga na ndui ya watu. Mwaka huohuo, Ujerumani, Samuel Hahnemann, mwanzilishi wa homiopathia, alichapisha kanuni yake: kinachomletea mtu mwenye afya dalili fulani ndicho kitakachomponya mgonjwa mwenye dalili hizo. Na Hahnemann aliisifu chanjo ya Jenner katika kitabu chake. Wanaoikataa chanjo kwa jina lake wamsome kwanza mzee wao.

Lakini ugomvi wangu si kanuni, ni chupa. Unachukua tone moja la dawa, unalitia kwenye matone 99 ya maji au alkoholi, unatikisa. Hahnemann alikuwa akiigonga chupa kwenye kitabu chenye jalada la ngozi. Hiyo inaitwa 1C. Chukua tone moja la hiyo, tia kwenye matone mengine 99, gonga tena: 2C, sehemu moja katika 10,000. Hapo bado tuko pamoja. Ukifika 6C ni sehemu moja katika trilioni, na bado kuna kitu mle ndani. Ila kitu hakigawanyiki milele. Ukishavuka 12C, ni bahati kubwa ikibaki hata molekuli moja ya ulichoanza nacho. Sasa soma vibandiko: 30C. Fanyeni hesabu wenyewe, msiniamini mimi. Ili utarajie kupata molekuli moja tu ya dawa katika 30C, unywe maji yenye uzito wa jua mara 15,000 hivi. Nimesema jua, si dunia. Halafu kibandiko kinakuonya usizidishe dozi!

Najua, najua, mtaniambia maji yana kumbukumbu ya dawa iliyopita humo. Vifungo kati ya molekuli za maji huvunjika na kuundwa upya ndani ya sehemu za trilioni za sekunde, lakini tuliache hilo. Tone lile linadondoshewa kidonge cha sukari, linakauka. Maji yenyewe yameshaondoka. Anayekumbuka sasa ni nani, sukari?

Njoo kwenye sindano ya surua. Dozi ni nusu mililita, na ndani yake kuna virusi hai visivyopungua 1,000, vilivyodhoofishwa. Vinaingia, vinazaana, mwili unavitambua, unatengeneza kingamwili, na kingamwili hizo zinapimwa kwenye damu. Si suala la imani. Watafiti wa Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, walifanya kipimo hichohicho: wanafunzi wakagawanywa, wengine wakapewa chanjo ya kawaida, wengine ile wanayoiita chanjo ya homiopathia, wengine kidonge kitupu. Matokeo yalitoka mwaka 2018. Waliopewa ya homiopathia hawakutofautiana na waliopewa kidonge kitupu.

"Mbona wa kwangu alipewa vidonge na surua haijamgusa?" Kwa sababu watoto wa jirani wamechanjwa, mama. Mgonjwa mmoja wa surua, pasipo kinga, huambukiza watu 12 hadi 18, ndiyo maana tunadai watu 95 katika kila 100 wawe na kinga. Wako amejificha nyuma ya hao 95, na sifa imekwenda kwa vidonge.

Naonyeshwa saa. Zebaki: chanjo ya surua haijawahi kuwa na kihifadhi chenye zebaki, kingeua virusi vyenyewe. Usonji: makala ya 1998 ya Wakefield, daktari wa Uingereza aliyeihusisha chanjo ya surua na usonji, watoto 12, ilifutwa na jarida lililoichapisha mwaka 2010, tuendelee. Uhuru wa mzazi niliuandalia kurasa nne, zitalala.

Ila hili lazima niliseme. Tabibu wa homiopathia anamsikiliza mgonjwa saa nzima, na sisi tunamwandikia dawa kabla hajakaa vizuri kwenye kiti. Watu hawatukimbii bure. Lakini hata chama cha madaktari wa homiopathia cha Uingereza, Faculty of Homeopathy, kiliwahi kushauri chanjo zitolewe kama kawaida. Kwa hiyo atakayeinuka kuniambia homiopathia inamkataza kuchanja, aanze na kuniambia ni homiopathia ya nani. Haya, pelekeni kipaza sauti kule nyuma.