Nguvu ya Segera: mhadhara kuhusu sayansi ya mitandao, uliotolewa Tanga

Assalaam aleikum, na habari za jioni kwenu nyote. Wazee wangu, mabibi na mabwana, ahsanteni kwa kuja na joto hili.

Nimeombwa nizungumzie mitandao, na naona wengine wameshatoa simu. Zirudisheni mfukoni kwanza, tuanze na Segera. Wangapi humu wamezaliwa Segera? Na wangapi wamepita Segera? Haya, mmejionea wenyewe. Ni mji mdogo, lakini anayetoka hapa kwenda Dar, Moshi au Arusha kwa barabara kuu hana budi kupita pale. Mwaka 1977 mwanasosholojia wa Marekani, Linton Freeman, alitoa namna ya kulipima jambo hili. Unachukua kila jozi ya vituo kwenye mtandao, unatafuta njia fupi kati yake, kisha unahesabu ni njia ngapi zinapitia kituo unachokichunguza. Kwa kipimo hicho Segera inaiacha nyuma miji mingi iliyoizidi kwa watu. Lori likipinduka pale na kuziba njia, Muheza wanajua, Korogwe wanajua, na bei ya vitunguu sokoni Mgandini nayo inajua. Ndiyo maana mimi naipigia debe barabara ya pwani, ya kupitia Pangani hadi Bagamoyo, hata kwa msafiri ambaye hataikanyaga.

Kwenye reli, wazee mtanisahihisha. Wajerumani walianza kujenga reli ya Tanga mwaka 1893, ikafika Moshi mwaka 1911. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza Waingereza wakaleta reli yao kutoka Voi. Matokeo yake, kwa miongo kadhaa behewa la Tanga liliweza kufika Mombasa lakini halikuweza kufika Dar es Salaam! Mpaka mwaka 1963 ndipo kikaunganishwa kipande cha kutoka Ruvu, kwenye Reli ya Kati, kisichofika kilomita 200, na mitandao miwili ikawa mmoja.

Duncan Watts na Steven Strogatz waliliweka jambo la namna hiyo kwenye hesabu mwaka 1998. Chukua mtandao ambao kila kituo kimeungana na majirani zake tu, kisha hamisha viungo vichache viende mbali. Umbali wa wastani unaporomoka, ilhali ujirani unabaki karibu vilevile. Wakaupima kwenye neva za mnyoo mdogo, gridi ya umeme ya magharibi mwa Marekani na waigizaji wa filamu. Tangu hapo wanafizikia wakavamia mambo ya jamii kwa kishindo, na wanasosholojia, waliokuwa wakiyachunguza miaka yote hiyo, wakanuna. Siwalaumu.

Sasa tuje kwa watu, ndiko ninakopenda. Mwaka 1991 Scott Feld alieleza kwamba, kwa wastani, marafiki zako wana marafiki wengi kukushinda. Msichukie, ni hesabu tu. Mwenye marafiki 100 yumo kwenye orodha za watu 100. Mwenye wawili yumo kwenye mbili. Nendeni stendi ya Kange mkaokote mtu yeyote, mumwombe ataje mmoja anayeonana naye kila siku. Dereva atamtaja mama lishe, kondakta atamtaja mama lishe, mpiga debe vilevile. Mngemtafuta mama lishe huyo kwa kura, mngeweza kumkosa siku nzima.

Mwaka 2003 Reuven Cohen, Shlomo Havlin na Daniel ben-Avraham walipendekeza hilo litumike kwenye chanjo. Dozi zikiwa chache, usimchanje uliyemwokota. Mwombe ataje mtu, umchanje aliyetajwa. Ugonjwa unakatiwa njia kwa dozi pungufu, na hakuna aliyechora ramani ya mji mzima wala kupekua simu ya mtu. Naipenda kazi hii kuliko nyingi zilizofanywa kwa kompyuta kubwa.

Kuna dai moja la kuangaliwa kwa jicho la pembeni. Mwaka 1999 Albert-László Barabási na Réka Albert walisema mitandao hukua kwa mtindo wa mwenye nacho kuongezewa, na kanuni moja ya hisabati, kwamba vituo vichache vina viungo vingi mno na vilivyobaki vina vichache, ikaanza kuonekana kila mahali. Mwaka 2019 Anna Broido na Aaron Clauset wakapima mitandao inayokaribia 1,000, wakakuta kanuni ile ikichukuliwa kwa ukali wake ni nadra. Ubishi bado upo. Mimi niko upande wa Broido.

La mwisho ni nyaya za baharini. Mnaikumbuka Mei 2024, intaneti ilipozorota? EASSy na Seacom zilikatika siku moja, upande wa Afrika Kusini, wakati Bahari ya Shamu nayo ilikuwa na nyaya zilizokatika tangu Februari. Basi mtu akijisifu ana nyaya mbili, mwulizeni zinapita wapi. Nanyi wenye laini mbili za kampuni tofauti, jueni kampuni za simu hupanga kwenye minara ileile. Umeme ukikatika na jenereta ya mnara ikaishiwa dizeli, laini zote mbili kimya. Sergey Buldyrev na wenzake walilichambua hilo mwaka 2010, wakitumia mfano wa giza lililoikumba Italia mwaka 2003: umeme ulipokatika ukaangusha mawasiliano, na mawasiliano yalipoanguka yakazidi kuangusha mitambo ya umeme.

Karibuni kwa maswali. Wa nyuma, msiwaachie wa mbele peke yao.