Sintetiki au oili ya kawaida? Tuchague mbele ya injini yenyewe

Karibuni tena gereji, wadau. Leo sina gari bovu. Nina Toyota IST ya mwaka 2004, injini 1NZ, ya cc 1500. Imefika sevisi, na mwenye gari ameniachia swali ambalo na nyie hamchoki kuniuliza: awekewe oili ya sintetiki au ya kawaida? Madumu mawili yako pale mezani. Yaacheni kwanza, tunaanza na gari.

Hatua ya kwanza, tafuta namba inayotakiwa na injini yako. Fungua mlango wa dereva. Dogo, sogeza kamera hapa kwenye fremu. Mnakaona haka kastika kalikopauka? Kalibandikwa Japani. Fundi wa kule aliandika tarehe aliyobadilisha oili na kilomita zilizokuwa zimesoma siku hiyo, na wengine huandika hadi namba ya oili waliyoweka. Wengi wenu mnakabandua siku mnayotoa gari bandarini! Sasa fungua droo ya dashibodi, toa kitabu. Ndiyo, ni Kijapani kitupu, lakini huhitaji kukielewa chote. Pekua hadi kurasa za mwisho, tafuta 5W-30. Hiyo kila mtu anaisoma.

5W ni tabia ya oili ikiwa ya baridi. 30 ni unene wake injini ikishapata moto, na kipimo hicho kinachukuliwa kwenye nyuzi joto 100. Hapa ndipo watu wanapopotea. Utamsikia mtu dukani, "Sintetiki nyepesi hiyo, itavuja." Unene ni kitu kimoja, aina ni kitu kingine. 5W-30 ya kawaida na 5W-30 ya sintetiki zikishafika nyuzi 100 ziko kwenye daraja lilelile la unene. Na sintetiki nzito zipo, hata 15W-50 utaikuta. Kwa hiyo namba inatoka kwenye kitabu, halafu ndiyo unachagua aina.

Nawaonyesha kwa nini nasisitiza oili iwe sahihi. Hiki hapa kiganjani ni kichujio cha VVT-i, mfumo unaobadilisha muda wa valvu kufunguka, nimekitoa kwenye injini nyingine ya aina hiihii. Kadogo, hakazidi ncha ya kidole. VVT-i inasukumwa na presha ya oili, na oili yote inayokwenda huko inapita kwenye hivi vitundu. Tazameni, nusu ya vitundu vimezibwa na uchafu mweusi kama lami. Gari kilikotoka lilikuja likiwa zito, linakula mafuta, na mwenyewe alishabadilisha plagi mara mbili.

Hatua ya pili, sasa nipeni madumu. Lililoandikwa Fully Synthetic ni hili la kulia. Oili ya kawaida inachujwa kutoka mafuta ghafi, ndani yake kuna chembe kubwa na ndogo zimechanganyika. Ikikaa kwenye moto, zile nyepesi zinapaa kama mvuke, nyingine zinaungana na hewa na kuwa nzito, na mwisho wake ni tope. Sintetiki imepikwa kiwandani ili chembe zake zilingane, ndiyo maana inavumilia joto na inachelewa kuchoka.

Ila neno sintetiki lenyewe lina mambo. Mwaka 1999 huko Marekani, Mobil ililalamika kwamba Castrol wanaita sintetiki oili ambayo chanzo chake ni mafuta ghafi, yaliyovunjwa na kujengwa upya kwa haidrojeni. Castrol wakaruhusiwa kuendelea kuiita hivyo. Ndiyo sababu moja madumu mawili yenye maneno yaleyale yanaweza kupishana bei namna ile.

Mimi maneno ya mbele siyaangalii sana. Geuza dumu, tafuta duara lenye API, yaani taasisi ya mafuta ya Marekani inayopanga viwango vya oili. Kwa injini ya petroli, herufi ya kwanza ni S, na ya pili kadiri inavyosogea mbele kwenye alfabeti ndivyo kiwango kilivyo kipya. SN ni ya 2010, SP ni ya 2020. Ukikuta SF, hiyo ni ya enzi za magari ya miaka ya 1980, rudisha kwenye shelfu. Na mimi afadhali niweke ya kawaida yenye SN kuliko dumu linalojiita sintetiki halafu nyuma halina hata herufi moja.

Hatua ya tatu, kagua injini. Fungua mfuniko wa kujazia oili, mulika kwa tochi ya simu. Ukiona rangi ya dhahabu au kahawia, injini imetunzwa. Ukiona masizi mazito, usitegemee sintetiki ije ifute madhambi ya miaka kumi kwa siku moja. Weka ya kawaida yenye API nzuri, imwage mapema, kilomita 2,000 au 3,000, uone inatoka vipi. Ukiona utando kama maziwa, simama hapo, kagua maji kwanza, inawezekana gasketi ya silinda hedi imeachia. Na kama gari linatoa moshi wa bluu na unaongeza oili kila wiki, sintetiki ya bei utakuwa unaichoma tu kama ubani. Shughulikia ringi na sili za valvu, au tumia ya kawaida nzito kidogo, lakini iwe ile ambayo kitabu kimeruhusu.

Hii IST, tazameni, ndani ni kahawia safi. Inastahili sintetiki.

Hatua ya nne ni wewe mwenyewe unavyoendesha. Mwenye gari hili ni dereva wa teksi mtandao, anatembea kama kilomita 150 kwa siku, nyingi ndani ya foleni ya Kimara na Ubungo. Foleni ni mbaya kwa oili, maana injini inaunguruma kutwa nzima na kilomita hazisomi. Kwa oili ya kawaida namwambia kilomita 5,000, yaani kila baada ya siku 33 yuko hapa. Kwa sintetiki nzuri, 8,000. Dumu linaandika 10,000 na zaidi, lakini walioandika hawakukaa foleni ya Ubungo. Piga hesabu kwa bei za dukani kwako, na usisahau filta na ufundi, kwa sababu kila sevisi unayoiruka, na hivyo viwili unaviokoa. Kwake yeye sintetiki inajilipa.

Wewe ambaye gari linatoka Jumapili tu, mwaka mzima hufikishi 5,000? Chukua ya kawaida, badilisha kila miezi sita, hela nyingine nunua tairi. Mwenye Forester ya tabo (turbo) hana mjadala, ni sintetiki, kwa sababu tabo inachemka mno na oili ya kawaida inagandia mule ndani. Gari la Ulaya fuata kibali cha oili kilichoandikwa kwenye kitabu, basi.

Haya, tunamalizia kazi. Nati ya sampo, bakuli la oili chini ya injini, nafungua kwa spana 14, injini ikiwa ya uvuguvugu. Oili inatoka nyeusi, msiogope, weusi maana yake imebeba uchafu. Filta mpya napaka oili kwenye mpira wake na kuikaza kwa mkono. Namimina lita 3 na nusu, nawasha dakika moja, nazima, nasubiri tano, nachomoa stiki. Bado kidogo. Injini hii na filta yake inachukua kama lita 3.7, kwa hiyo kwenye dumu la lita 4 kinabaki cha kuweka kwenye buti.

Hicho kikiisha, dumu tupu litoboe na msumari kabla hujalitupa. Kuna watu wanayanunua, na sio kwa ajili ya kutekea maji.